Mstari Uliosogezwa Mara Nne

Kila asubuhi kabla ya kengele, kulikuwa na mtu anayemsubiri Sawa langoni. Wenzake wa darasa la saba walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kukataa. Nyimbo za kwaya zinakiliwe? Sawa. Bustani ya klabu ichorewe ramani? Sawa. Kazi zote alizibeba kichwani. Zilizozidi aliziandika kiganjani, zikafutika aliponawa mikono.

Kufikia katikati ya muhula alikuwa amebanwa kila upande. Alipita nyuma ya vyoo kumkwepa kiongozi wa kwaya, akazunguka maktaba kumkwepa mwalimu wa sayansi. Zaidi ya wote alimkwepa Twiga, rafiki yake mrefu, aliyempa fomu ya mashindano ya uchoraji aipeleke kwa mwalimu wa sanaa. Fomu hiyo ilikuwa imepotea.

Alasiri moja shangazi yake, mpiga chapa, aliingia ofisini kwake akamkuta Sawa akilia, begi limemwagwa lote mezani.

"Kaa hapa," Shangazi alisema, akawasha kompyuta. "Andika kila ulichoahidi. Mstari mmoja, jambo moja."

Lilikuwa faili la maandishi matupu, halina rangi wala pambo. Sawa aliandika mistari thelathini na saba. Alipoitazama, aliisukuma kibodi pembeni.

"Shangazi, umeniongezea ugonjwa!"

"Tiba bado, mama. Hii 'bustani ya klabu' utaimaliza leo? Huo ni mradi. Ufanye kichwa cha habari, na chini yake weka hatua ya kwanza tu: kupima uwanja kwa kamba. Na hizi nyimbo ni za mwezi ujao, mbona zinakukodolea macho leo? Ziandikie tarehe ya kuamka, uzipeleke mwisho wa faili zikalale."

Kwa siku ile ikabaki mistari minne. Sawa akavuta pumzi.

Tangu hapo, kila alasiri alipitia ofisini, akafuta kilichokwisha na kuamsha kilichofikiwa na siku yake. Lakini mstari mmoja aliusogeza mbele kila mara: "Kumwambia Twiga kuhusu fomu." Siku ya nne Shangazi alimwona akiusogeza tena.

"Huu nao unangoja nini?"

Sawa aliinamisha kichwa. "Naogopa."

"Fomu zinapokelewa mpaka lini?"

"Leo, saa kumi na moja."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na robo. Sawa alitoka mbio.

Alimkuta Twiga uani kwao, akifua sare.

"Fomu yako niliipoteza wiki iliyopita. Nisamehe."

Shati lilimdondoka Twiga ndani ya beseni. "Kila nikikunasa nakuuliza, unaniambia iko salama! Kumbe unanidanganya?"

"Tukikimbia tutamwahi mwalimu kabla ya saa kumi na moja," Sawa alisema. Twiga alijifuta mikono kwenye sketi, akatangulia njiani. Walimwahi mwalimu akifunga mlango wa ofisi, naye akampa Twiga fomu nyingine. Aliijaza amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani. Waliporudi alitembea hatua kadhaa mbele ya Sawa mpaka walipofika kona ya kwao. Hapo akageuka, akasema, "Siku nyingine niambie mapema."

Sawa alirudi ofisini kwa Shangazi, akaufuta mstari ule.

"Kuahirisha si kosa, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Kazi ambayo siku yake haijafika, iache ilale. Lakini ukisogeza jambo kwa woga, huku mwenzako anakutegemea, huko si kuahirisha. Unamficha ukweli. Faili litakukumbusha, ila kusema utasema wewe mwenyewe."