Jaribio la Mwanabaraka

Mwanabaraka Marijani alikutana na Alfonsi kwenye foleni ya sukari Kinondoni, katika miaka ile ambayo sukari ilikuwa kama bibi harusi, haionekani mpaka itafutwe. Watu walikuwa wamepanga mawe mbele ya duka la ushirika kushika nafasi zao, wenyewe wakaenda kukaa kivulini. Kijana mmoja mrefu, mwenye suruali ya bugaluu na vumbi la mpingo nyweleni, aliliokota jiwe la Mwanabaraka akawa analigeuzageuza mkononi.

"We kaka, hilo ndilo mie mwenyewe. Niweke chini," Mwanabaraka alimwambia.

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia tu umechongwa na nani."

Foleni nzima ikacheka. Mwanabaraka, na gauni lake jeupe la uuguzi lililopigwa pasi likanyooka, alijitia kununa, lakini nani asiyejua kununa kwa namna ile? Sukari iliisha kabla hawajafika dirishani, na hakuna aliyejali kati yao.

Alfonsi alikuwa mchonga vinyago katika ushirika mmoja wa Temeke; kwao Newala. Mwanabaraka alikuwa mtoto wa Kinondoni, baba na babu, na mwaka ule alikuwa akisomea uuguzi wa wagonjwa wa akili. Mwalimu wao, Bi Kokushubila, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na tiba mpya ya maneno.

"Jambo linaumiza," alikuwa akiwaambia, "na vile unavyolifikiria linaumiza zaidi. Wazo huzaa huzuni, huzuni humfungia mtu ndani. Mgonjwa akisema, 'Watu hawanitaki,' mwulizeni: ushahidi uko wapi? Kisha atafute mwenyewe jaribio dogo la kulipima wazo lake."

Mwanabaraka alilewa somo hilo. Wodini alimtoa kitandani mama mmoja aliyeamini jirani zake wote wanamchukia, akamwambia ampelekee jirani mmoja salamu, na jirani akaja na uji. Tangu hapo hakuna mtu aliyesema "siwezi" mbele yake akasalimika. Hata Alfonsi, alipompigia kutoka simu ya dukani, hakusazwa.

"Haloo, sista wangu wa mawazo."

"Haloo, mchonga maneno. Umekula?"

"Sijala. Nina wazo kwamba hunipendi."

"Ushahidi?"

"Jana hukunipigia."

"Simu ya wodi ilikufa, mpenzi."

"Basi wazo limepona. Sasa naweza kula."

Walicheka hivyo miezi mingi. Mpaka Jumapili moja, wamekaa ufukweni Kawe, Alfonsi akamshika mkono na kusema polepole, "Mwana, baba yako hatanipokea. Mie Mkristo, mchonga vinyago, mtu wa kuja. Naogopa."

Mtoto mdogo angejua kijana yule anataka nini. Lakini msomi wetu!

"Huko ni kusoma mioyo ya watu," alisema Mwanabaraka. "Umeongea na baba? Hujaongea. Nenda Ijumaa baada ya swala, umwambie unanipenda. Tutaona atasema nini."

"Bila mshenga?"

"Mshenga atapamba maneno, hatutajua baba anafikiri nini hasa. Jaribio litaharibika."

Angesema hivyo msichana mwingine, Mwanabaraka angemcheka mpaka ashike mbavu. Alikuwa ameona posa tangu utoto. Alijua mwanamume hajipeleki mwenyewe. Elimu ilimwingia kwa pupa, ikamtoa kwenye akili ya nyumbani.

Alfonsi alikwenda, kwa sababu alimpenda. Alivaa shati lake jeupe la tetroni akawakuta wazee barazani na kahawa yao.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," alijibu Mzee Marijani, baba yake Mwanabaraka. "Karibu. Unamtafuta nani?"

"Nimekuja kwa ajili ya Mwanabaraka, mzee. Nampenda, nataka kumwoa."

Vikombe vilisimama njiani. Mzee Marijani aliweka chake chini.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wewe huna wazee? Au binti yangu ndiye hana?" Mmoja wa wazee akacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. "Nenda zako, kijana. Umenivua nguo mbele ya wenzangu."

Mwanabaraka alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Hakutoka.

Kesho yake alipiga simu dukani, Alfonsi akaitwa.

"Ushahidi umepatikana," Alfonsi alisema. "Mpelekee mwalimu wako."

"Mpenzi, hebu tuliangalie hilo wazo..."

"Mie siyo mgonjwa wako, Mwana." Simu ikakatwa.

Alipomweleza mwalimu, Bi Kokushubila alivua miwani.

"Jaribio hilo nani alilichagua?"

"Mimi."

"Na aliyeumia?"

"Yeye."

"Woga wake ulikuwa na sababu. Wazo la kweli halibishiwi, Mwanabaraka. Mtu hufarijiwa kwanza, ndipo mkatafuta njia."

Njia aliitafuta Shangazi Tabu, dada wa Mzee Marijani. "Kaka, mtoto wa watu amekosea mlango, hakuja kuiba," alimwimbia wiki baada ya wiki, hadi mzee akachoka. "Haya, aje na mshenga. Mambo ya dini tutayazungumza."

Mwanabaraka alivaa gauni la maua na viatu vya raizoni vya soli nene, akaenda Temeke mbio mbio. Moyo ulikuwa unamwimbia. Alimkuta Alfonsi kwenye kibanda cha uchongaji, amekonda.

"Baba amekubali kukusikiliza! Tafuta mshenga!"

Alfonsi aliweka chini tupa aliyokuwa akilainishia mpingo. Hakuinuka.

"Wajomba zangu walikuja, Mwana. Wakaniona nilivyo, wakasema wana msichana Newala. Nikanyamaza, nao wakaona nimekubali. Neno limeshapelekwa, limepokewa."

"Si warudi wakaseme..."

"Wamvue nguo baba wa mtu mbele ya wenzake? Niliyafanya hayo mara moja, inatosha."

Mwanabaraka alikaa juu ya gogo.

"Siku ile Kawe," Alfonsi aliuliza, "wewe ulikuwa huogopi?"

"Niliogopa sana. Wiki nzima sikulala."

Alfonsi alifunika uso kwa mikono yenye vumbi.

"Ungeniambia hivyo tu," alisema. "Ungeniambia hivyo tu, ningemngoja mshenga hata miaka kumi."

Mwanabaraka alitoka akilia barabarani mchana kweupe, watu wanamtazama. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua alimwita.

"Umefiwa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Yule mama hakuuliza amefiwa na nani. Alisogea kwenye mkeka wake, akamwachia nafasi ya kukaa.