Ratili Sitini za Mathias

Onesphory, kibarua wa kupaka grisi mitambo, alikuwa amelala chali kando ya korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, spana ikiwa bado mkononi na pande la tangi la gesi ya kuendeshea mtambo likiwa limemkaa kifuani. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwaka 1957, katika shamba moja kati ya Kilosa na Mikumi. Mwili ulikuwa bado na joto, na mkosaji alikuwa ameshapatikana. Serikali ya Malkia haikuwa na mchezo.

Inspekta Lupakisyo hakuwapenda wakosaji wanaopatikana kabla yeye hajafika.

"Nani huyo mwenye pingu?"

"Mathias, mwendesha mtambo," alijibu Konstebo Kasiani kwa fahari. "Amekiri, Afande. Aliweka uzito wa ratili sitini juu ya vali, gesi ikakosa pa kutokea, tangi likapasuka. Huyu ni wa kitanzi."

Lupakisyo aliyazunguka mabaki mara tatu. Aliinama, akapekua, akaichafua suruali ya Serikali.

"Huo uzito uko wapi?"

Kasiani alikodoa macho chini, kana kwamba ratili sitini ni sindano iliyodondoka.

Inspekta akamgeukia mfungwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mathias.

"Marahaba. Ulisema nini hasa?"

"Nilisema vali ilikuwa na ratili sitini. Za kwenye geji! Za kusukuma, Mzee, siyo za kupimia sukari! Vali ilifunguka yenyewe, gesi ikatoka, lakini mshale ukazidi kupanda. Onesphory akakimbilia kuzima mtambo. Hakuwahi."

Damu ikampanda Lupakisyo kichwani. "Kasiani! Ulitaka kumnyonga mtu kwa kutojua ratili?"

"Bwana Injinia ndiye aliyenifafanulia, Afande."

"Aha."

Bwana Cranfield, injinia wa shamba, alikuwa ofisini akinywa chai.

"Vali ilifunguka, msukumo bado ukapanda," alisema Lupakisyo. "Naomba hesabu za bomba la kutolea gesi."

"Wewe utazisoma?"

"Nitajikongoja."

Faili lilikuwa chini kabisa ya mtoto wa meza, limefunikwa na magazeti. Lupakisyo, ambaye hesabu aliingiziwa kwa fimbo na walimu wa misheni, alisoma polepole. Alipofika katikati ya ukurasa, akaugonga kwa kidole.

"Gesi umeipima kwa ratili za uzito, msukumo wake kwa ratili za nguvu. Jina moja, vitu viwili. Kinachovipatanisha ni thelathini na mbili, na mahali pake ni ndani ya kipeuo cha pili. Wewe umeiweka nje. Bomba lako ukalisifia kwamba litapitisha gesi karibu mara sita ya uwezo wake!"

"Kosa la kalamu."

"Na mduara huu wa penseli? Una mshale unaoirudisha thelathini na mbili ndani. Una tarehe ya wiki mbili zilizopita. Una jina la Onesphory."

Kikombe kiligonga sahani.

"Ulijua," alisema Lupakisyo.

"Alinisahihisha mbele ya mafundi!" Cranfield aliruka kutoka kitini, uso mwekundu. "Kibarua wa kupaka grisi! 'Bwana, thelathini na mbili imekaa nje.' Wakacheka wote! Ningebadilisha bomba, shamba zima lingejua kwamba yeye ndiye aliyepatia!"

"Kwa hiyo ukaliacha."

"Ndiyo, nililiacha! Sikudhani lingepasuka."

"Lilipopasuka ukamzushia Mathias uzito."

"Nani angemwamini yeye mbele yangu?"

"Mimi. Vaa kofia, twende kituoni."

"Huwezi kunikamata, wewe!"

"Kataa basi, nikufunge pingu mbele ya mafundi."

Cranfield alivaa kofia.

Nje, Lupakisyo alimfungua Mathias kwa mkono wake mwenyewe. "Uko huru. Nenda nyumbani."

Mathias hakushukuru. Alisugua vifundo vya mikono, akautazama mwili uliofunikwa gunia la katani.

"Mimi mmenitoa, Mzee," alisema. "Na yeye aliyepatia hesabu, mtamtoaje?"

Lupakisyo alivua kofia yake, akaugeukia mwili.