Majibu Yasiyo ya Fundi

Kila siku akitoka shule, Najua alifanya mambo matatu bila kuambiwa: alivua sare na kuitundika, akanawa mikono, kisha akapiga hodi kwenye chumba cha shangazi yake. Najua halikuwa jina lake la shule. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ukianza kumwambia jambo, hata hujafika katikati, yeye husema, "Najua." Siku moja Bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, bado sijakuambia ninachotaka kukuambia." Akajibu, "Najua, Bibi." Basi jina likamganda, naye alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu sasa.

Shangazi alikuwa mtengenezaji wa tovuti, zile kurasa ambazo mtu huzifungua kwenye simu akitaka habari za duka, shule au fundi fulani. Chumba chake kilikuwa na kitanda upande mmoja na upande wa pili meza ndefu yenye kompyuta mbili. Najua alimsaidia kupunguza ukubwa wa picha na kutafuta makosa ya maandishi. Kazi hiyo aliipenda, ingawa alijiona amekwisha kuipita.

Shangazi alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata mteja akimharakisha vipi. Hakugusa kompyuta kabla ya kujaza karatasi ya maswali. Alimfuata mteja kazini kwake, akaketi, akamuuliza: Nani ataifungua tovuti hii? Anatumia simu ya aina gani? Akishaifungua, unataka afanye nini? Una shida gani unayotaka ikuondolee? Nini hutaki kiwemo? Majibu aliyaandika kwa maneno ya mteja mwenyewe, hata kama mteja alisema ovyo.

Jumatano moja shangazi alikuwa amebanwa na kazi ya shule fulani. Fundi wa miguu ya bandia, mwenye karakana mtaa wa tatu kutoka hapo, alikuwa akimngoja.

"Nitume mimi, shangazi," Najua alisema. "Maswali yenyewe nimeyakariri. Nipe kazi ya kweli basi, nimechoka kupunguza picha."

Shangazi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Utauliza na kunyamaza? Usimjibie?"

"Najua, shangazi."

Shangazi alicheka, akampa karatasi na kalamu.

Njia nzima Najua alitembea kifua mbele. Alipofika kwenye karakana, mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Alichungulia ndani, na damu ikamsisimka. Miguu ilikuwa inaning'inia darini. Ilikuwa miguu ya watu, mirefu na mifupi, mingine ya rangi ya ngozi, mmoja umevaa soksi. Ndani kabisa kulikuwa na mtu mwenye mikono myeupe kwa plasta, amekumbatia paja lisilo na mtu. Najua hakupiga hodi. Miguu yake mwenyewe, ile ya kweli, ilimgeuza na kumtimua mbio hadi kwenye baraza la duka lililofungwa.

Alikaa hapo akihema. Kurudi kule hakuweza. Kwenda kumwambia shangazi kwamba ameogopa miguu ya mpira, baada ya maneno yote yale, hakuweza pia. Akaitazama karatasi. Mbona maswali yenyewe ni mepesi? Fundi yeyote anataka nini kama si wateja? Akaandika: "Shida yangu ni kwamba watu hawanifahamu. Nataka waje kwa wingi, siku yoyote na saa yoyote. Watatumia kompyuta na simu kubwa. Nataka picha nyingi za kuvutia za watu niliowahudumia." Penye swali la mwisho, nini hutaki kiwemo, aliandika: "Hakuna."

Shangazi aliisoma mara mbili. "Maneno yamenyooka kweli! Fundi huyu anasema kama mwanafunzi anayeandika insha," alisema. "Ulimkuta mwenyewe?"

"Nilimkuta," alijibu Najua. Uongo mkubwa hauna haja ya maneno mengi.

"Vizuri. Hospitali itabandika tangazo la tovuti hii Jumatatu asubuhi, wagonjwa wajue pa kuangalia. Inabidi nikaze mwendo."

Najua hakuwa na habari ya hospitali.

Alhamisi shangazi alipanga kurasa. Ijumaa aliweka picha. Zilikuwa picha kubwa za kupendeza, za watu waliokatwa miguu wakicheka, ambazo aliziomba hospitalini. Juu kabisa, kwa herufi za buluu, aliandika: "Karibuni wote, siku zote, saa zote." Kila neno lililoongezwa Najua alilisikia likimkaa shingoni. Darasani mwalimu alimuuliza swali la hesabu, akasimama, akabaki anatazama ubao. Nyumbani aliisukuma sahani huku na huku.

"Huyu ana homa," Bibi alisema, akamgusa paji la uso. "Au ana jambo. Homa naijua, na hii si homa."

"Sina kitu, Bibi."

"Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jumamosi asubuhi hakuvumilia tena. Alijiambia kwamba atakwenda kwa fundi, amuulize maswali kimyakimya. Huenda majibu yakafanana na yale aliyoyaandika, na hapo uongo utakuwa umegeuka kweli bila mtu kujua. Alitembea akiomba iwe hivyo.

Mlangoni mwa karakana alimkuta mwanamke amembeba mgongoni mtoto wa kike wa kama miaka saba. Mguu mmoja wa mtoto uliishia gotini. Mbele yao alisimama fundi, mtu mfupi mwenye aproni, akijifuta plasta mikononi.

"Mama, nisamehe," fundi alikuwa akisema. "Kupima ni Jumanne na Alhamisi peke yake. Mtu mmoja ananichukua nusu siku, nami niko peke yangu. Leo nina mguu kwenye tanuri, nikiuacha utaharibika."

"Tumetoka nyumbani kabla ya alfajiri," mwanamke alisema. "Tumebadilisha magari mawili. Hakuna aliyetuambia habari za siku."

"Ni kweli, mama, hakuna pa kuzisoma. Kila wiki nawarudisha watu namna hii, na kila ninayemrudisha ananikosesha usingizi. Una barua ya daktari? Na kiatu cha mguu wa pili?"

Mwanamke alitikisa kichwa. Hakujua kwamba vinahitajika.

"Mama," mtoto aliuliza juu ya bega, "kwa hiyo tunarudi tena kwenye gari?"

Mama yake alimpandisha vizuri mgongoni. Fundi aliwaletea maji, akamwandikia mwanamke tarehe kwenye kipande cha karatasi, akawasindikiza hadi barabarani. Najua alijibana ukutani. Alikuwa anaziona zile herufi za buluu, siku zote, saa zote, na nyuma ya herufi hizo anaona watu, wenye magongo na wa kubebwa, wakishuka kwenye magari siku ambayo hakuna wa kuwapima. Wote watakuwa wamesoma maneno yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Fundi aliporudi alimwona. "Na wewe binti, ni wa nani?"

"Mimi ni wa... shangazi yangu ndiye anayetengeneza tovuti yako."

Uso wa fundi ulichangamka. "Aa! Jumatano nilimngoja jioni nzima. Nikafuta hata kiti, kwa maana humu kila kitu ni vumbi. Hakuja. Nikasema basi, pengine mafundi wa tovuti hawana haja ya kumuuliza mtu." Alicheka kidogo. "Mwambie nitafurahi kuiona Jumatatu."

Kile kiti kilichofutwa kilimuuma kuliko kama angegombezwa. "Nitamwambia," alisema, akaondoka.

Safari hii hakukimbia. Alitembea polepole kama anayekwenda kuchomwa sindano, maana alijua asipofika leo akasema, kesho atatafuta sababu, na keshokutwa tangazo litakuwa ukutani. Aliingia chumbani bila kupiga hodi. Shangazi alikuwa amemwita Bibi aje aone, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Njoo uone, Najua! Imekwisha. Imebaki kuiweka hewani tu."

"Usiiweke, shangazi."

"Kuna kosa?"

"Majibu si ya fundi. Ni yangu. Sikuingia kwake. Niliona miguu inaning'inia nikaogopa, nikaenda kujaza karatasi barazani. Na fundi hataki watu siku zote. Anapima Jumanne na Alhamisi peke yake. Leo nimemwona mama na mtoto wamerudishwa..." Hapo machozi yalimshinda.

Shangazi aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka magotini. Najua alingoja kelele, na kelele haikuja.

"Siku tatu," shangazi alisema mwishowe. "Siku tatu unaniangalia nikijenga, nawe unajua kwamba sina msingi."

"Nisamehe, shangazi."

"Kuogopa sikukatazi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipoingia mle, siku ya kupatana kazi, nilitoka nikanunua soda nitulize moyo. Ungerudi ukaniambia umeogopa, ningekushika mkono tukaenda wote. Lakini nilikuuliza kama ulimkuta, ukanitazama machoni ukasema ulimkuta. Hilo ndilo linaloniuma."

Bibi alisimama akampangusa mjukuu wake machozi kwa ncha ya kanga. "Amekosa," alisema, "lakini amesema kabla maji hayajamwagika. Yangemwagika, nani angeyazoa?"

Shangazi alishusha pumzi, akachukua simu, akampigia fundi. Alimweleza kila kitu bila kupunguza, na Najua alisimama hapo hapo akisikiliza jina lake likitajwa. Kisha shangazi akachukua karatasi mpya ya maswali.

"Kesho asubuhi tunakwenda. Wewe ndiye utakayeuliza. Mimi nitakaa kimya."

Jumapili fundi alikuwa ameweka viti viwili. Kwanza aliteremsha mguu mmoja kutoka darini, akampa Najua aushike. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na laini sehemu ya kuingilia goti.

"Huu ni wa mwalimu mmoja," fundi alisema. "Atauvaa aende kufundisha. Bado unatisha?"

"Kidogo," Najua alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alisema kweli bila kuhesabu hasara.

Akauliza swali la kwanza, akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu. Mara mbili mdomo ulimfunguka, mara mbili shangazi akakohoa kumkumbusha. Fundi alieleza kwamba wateja wake wengi wana simu ndogo za zamani na wanakaa mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo picha kubwa hazitafunguka. Alitaka mtu aone siku za kupima, namba ya kupiga kabla ya safari, na vitu vya kuja navyo. Wateja wapya hakuwatafuta, kwani orodha yake ilikuwa imejaa kwa miezi miwili.

"Na nini hutaki kiwemo?" Najua aliuliza.

"Picha za watu wangu," fundi alijibu papo hapo. "Mtu akija hapa ananionyesha kile anachokificha hata kwa jirani. Siwezi kukitundika barabarani."

Shangazi aliinamisha kichwa. Picha zile alikuwa amezichagua yeye.

"Binti," fundi akasema walipoaga, "mimi nisipompima mtu nikaamini macho yangu, nitamtengenezea mguu wa kushoto, kumbe aliopungukiwa ni wa kulia. Utakuwa mguu mzuri sana, na hautamsaidia kitu."

Walicheka wote watatu, ingawa Najua alicheka na macho chini.

Siku hiyo hiyo shangazi alifuta kazi ya siku tatu. Najua aliona kurasa zikitoweka moja baada ya nyingine. Iliyobaki ilikuwa ukurasa mmoja mweupe wenye herufi kubwa: siku mbili, namba ya simu, barua ya daktari, kiatu cha mguu wa pili. Fundi aliusoma kwenye simu yake iliyopasuka kioo, akajibu kwa neno moja: "Ndiyo." Jumatatu asubuhi tangazo likabandikwa hospitalini.

Jumanne jioni fundi alipiga simu. Siku hiyo walikuja watu wawili tu, waliopangiwa, wote na barua na viatu mkononi. Wengine tisa walikuwa wamepiga simu kutoka mbali kabla ya kupanda gari, na kila mmoja alipewa tarehe yake.

Najua aliruka kwa furaha. Shangazi alitabasamu, akamwonyesha kiti.

"Kaa. Mambo mawili, kisha tuendelee na kazi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumjibia mtu aliye hai, mwenye mdomo wake. Hilo umeliona, sitalirudia. La pili ni gumu zaidi. Nitakutuma tena kwa wateja. Lakini kwa sasa, kila utakaporudi, nitampigia mteja mbele yako nimuulize kama ulifika."

"Hadi lini, shangazi?"

"Sijui. Kazi iliyoharibika nimeijenga upya kwa siku moja. Uaminifu haujengwi kwa siku moja, na mtu mwingine hawezi kuujenga kwa niaba yako."

Najua aliumia, na aliona ni haki aumie. Wiki iliyofuata alitumwa kwa mshona mapazia. Aliketi, akauliza, akanyamaza, akaandika. Aliporudi, aliiweka karatasi mezani, kisha yeye mwenyewe akachukua simu ya shangazi na kumkabidhi.

"Mpigie," alisema.