Mwito Kileleni Nkombo

Haya yalimpata rafiki yangu Uwineza mwaka 1999. Alipanda mlima wa kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu upande wa Rwanda, ili aitazame Kongo, alikopotelea kaka yake Ndizeye vitani. Feza, mwenyeji wake, alimwonya njiani: "Maman, kule juu hatuiti muntu kwa jina. Tunapiga tu mluzi."

"Kaka yangu si mbwa, nimpigie mluzi?"

Walipofika kileleni, ukungu ulilifunika ziwa, mchana ukawa giza. Uwineza akaita, "Ndizeye!" Mwangwi ukarudia mara mbili, kisha kimya, hata majani hayakutikisika. Halafu kutoka chini, upande wa maji, sauti ya mtoto ikaita taratibu, "Kasuku." Ndilo jina la utani ambalo Ndizeye peke yake alimwita nalo, utotoni mwao Bukavu.