Digrii Ishirini na Tano

Mkemia mkuu wa kiwanda cha dawa alikutwa saa tatu asubuhi amelala kifudifudi mezani, midomo imegeuka bluu. Kikombe chake cha chai kilikuwa kitupu. Mtaalamu wa uchunguzi alikinusa, akatikisa kichwa: sumu.

Chini ya kiwiko cha marehemu palikuwa na daftari la vipimo. Inspekta alivaa glavu, akalivuta. Kipimo: digrii tano. Ukolezi: gramu 0.1 kwa mililita. Mzunguko mahususi: 50. Bechi hii ya dawa imepita kipimo. Pembeni mtu alikuwa ameandika 25 kwa wino mwekundu, akaikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika.

Aliitwa fundi wa maabara, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiosha mirija.

"Unalijua daftari hili?"

"La bosi hilo, afande. Sijawahi kulifungua."

"Mimi hesabu zilinipiga chenga tangu shule. Hebu nieleweshe." Inspekta akamsomea kipimo na ukolezi.

"Dawa hii huzungusha mwanga unaopita ndani yake. Unachukua digrii, unagawanya kwa ukolezi mara urefu wa mrija kwa desimita. Dawa safi hutoa hamsini. Hii ni ishirini na tano tu. Robo yake ni umbo la kinyume, kama mkono wa kushoto kwa wa kulia, na hilo linaua. Alijifanya mrija ni wa desimita moja, kumbe ni wa mbili."

Inspekta alitazama rafuni. Mirija ilikuwa miwili, mfupi na mrefu.

"Dada, urefu haukuandikwa humu. Umejuaje?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akavuta kiti.

"Mwanangu alikuwa na miaka sita. Nilimnywesha dawa hii kwa mkono wangu huu, maana karatasi ya kiwanda ilisema imepita. Baada ya mazishi nikapima upya. Nikamwandikia bosi jibu sahihi humo daftarini. Akaniambia, 'Acha kelele, kaoshe vyombo.' Leo nimemtilia unga wa bechi ileile kwenye chai. Aliniomba maji. Nikasimama namtazama. Sijuti, afande."

"Bechi yenyewe iko wapi?"

"Madukani."

"Na umejua tangu lini kwamba inaua?"

"Wiki mbili."

Inspekta alinyakua simu, akaagiza maduka yote ya dawa yafungwe mara moja.

Ndipo fundi akainuka kitini.

"Wiki mbili," alirudia. "Wiki mbili nzima nilikuwa namuwaza bosi tu."