Kutu Nyeupe Chini ya Rangi

Asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la mikate, Kulob.

Mizrob alichora ramani kwa unga juu ya meza. Hapa lango. Hapa helikopta kuukuu, zimelala kama ng'ombe waliokufa njaa. Hapa mlinzi.

"Kasha moja tu la giaboksi. La magnesiamu. Haji Saidmurod analitaka kwa helikopta yake ya abiria. Tukimpelekea la alumini, atatuchuna ngozi."

"Yote yana rangi moja," Davlat alisema. Yeye ndiye dereva. "Tutajuaje?"

"Ndiyo maana tuna Oyniso."

Oyniso alikuwa fundi wa helikopta mpaka alipomtukana mkubwa wake. Aliinua chupa ndogo. "Siki. Nakwangua rangi, natia tone. Likitoa povu, magnesiamu. Likinyamaza, alumini."

"Siki ya kachumbari?"

"Hiyohiyo unayoinywa ukidhani hatukuoni."

Adhuhuri. Uwanjani.

Mlinzi alimaliza sinia la wali wa nyama walilomletea, akalala. Alikoroma mpaka mabati ya lango yakacheza. Wangeweza kupiga ngoma.

Kasha la kwanza: kimya. La pili: kimya. La tatu likachemka povu kama mdomo wa ngamia.

"Hili. Beba."

Lilikuwa jepesi kwa ukubwa wake. Davlat aliondoa lori kwa kasi kabla mlango haujafungwa.

Alasiri. Karakana ya Mizrob.

Oyniso aliona malengelenge kwenye rangi. Akatoboa moja kwa kijiti. Unga mweupe ukamwagika. Davlat akamsogezea brashi ya waya.

"Toa chuma chako hapo. Chuma kinaizidishia magnesiamu ugonjwa." Oyniso alisugua kwa brashi ya manyoya, taratibu, akitafuta mwisho wa shimo. Hakuupata. "Kutu imekula mpaka penye boliti. Hili halirudi angani."

"Ziba, paka rangi," Mizrob alisema.

"Helikopta ya Haji inashusha wajawazito kutoka milima ya Bartang. Dada yangu Shirinmo anaipanda wiki hii."

"Basi mwombee."

Mizrob alicheka, kisha akaweka bastola mezani. Davlat akatazama viatu vyake. Oyniso akaziba. Akapaka rangi.

Kabla ya magharibi.

Haji Saidmurod alikuja na wapwa wawili wenye shingo kama magogo. Hakuitazama rangi. Alitoa mkate wa duara kwenye koti, akauweka juu ya kasha.

"Mafundi wananidanganya kila siku," alisema. "Lakini aliyeapa uongo juu ya mkate, bado sijamwona. Weka mkono, binti. Sema ni zima."

"Ni zima," Oyniso alisema.

"Mkono."

Mkono haukuja. Alikuwa ameshawadanganya polisi, wakaguzi na mume, bila kupepesa jicho. Mizrob akamkamata kifundo cha mkono, akausukuma chini. Vidole vikajikunja ngumi.

"Sema, dada," Mizrob alinong'ona. "Usiniaibishe mbele ya wageni."

Oyniso alijinasua. Aliuchukua mkate, akaubusu, akamrudishia Haji kwa mikono miwili. Kisha akashika bisibisi, akaipiga kwenye rangi mbichi.

Ilizama mpaka mpinini. Unga mweupe ukamwagikia viatu vya Haji.

Mizrob alifyatua. Risasi ikapita kwenye mkono wa Oyniso. Wapwa wakamrukia Mizrob, meza ikavunjika, bastola ikateleza chini ya kabati. Davlat, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuamua jambo, alimbeba Oyniso begani kama gunia la viazi, akamtupa ndani ya lori.

Barabara ya mashariki.

Oyniso alifunga jeraha kwa kilemba. Damu ilipenya hata hivyo.

"Umetuuza," Davlat alisema.

"Ndiyo."

"Mizrob akitoka salama mle, atatufuata mpaka kaburini."

"Huko kaburini si atatukuta tumeshazoea? Kanyaga mafuta."

"Hospitali iko nyuma."

"Twende Bartang. Haji hana giaboksi, helikopta hairuki. Shirinmo atashukaje?"

Davlat alitazama milima, akatazama matairi yake kwenye kioo.

"Njia ile itanivunja ekseli."

"Labda," Oyniso alisema. "Washa taa."