Sorry ya Nini?

"Mwalimu, hebu nieleze. Jana mama mmoja mtalii alijikwaa pale ngazini, nikamwambia sorry. Akanitolea macho: kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Sasa hapo nimekosa wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Aliyeuliza ni Kaingu, mwaka wa saba huu anatembeza wageni Ngome ya Yesu, na Kizungu chake alikiokota humo humo kwa wageni. Nabiha, mwalimu wao, naye alicheka kidogo. Tangu Alhamisi hakuwa amecheka.

"Hukukosa, Kaingu. Wewe ulimpa pole kwa Kizungu. Hata wao humwambia hivyo mtu aliyefiwa. Lakini mtu akijikwaa tu, wengi wao wakisikia sorry hudhani wewe waungama kosa."

Akageukia ubao, akaandika makundi matatu ya matumizi ya neno hilo. La kwanza, kumhurumia mtu. La pili, adabu tu: umempiga mtu kikumbo, au hukusikia alichosema. La tatu, kukiri kosa.

"Hili la tatu ndilo zito," akasema. "Halisimami peke yake. Ukishasema sorry, mwenzio angojea useme ya nini."

Simu yake ikatetemeka mezani. Beryl, mwenye duka la shanga na vinyago hapo chini barabara ya Ndia Kuu, alikuwa amekaa mbele kabisa na macho yake hayana adabu.

"Ni yeye tena, mwalimu?"

"Ni yeye."

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya kumi na moja."

"Na iko kundi gani, la kwanza, la pili ama la tatu?"

"Hata mimi sijui, Beryl. Fungua kitabu."

Ujumbe wenyewe ulisema: "Sorry sana kwa usumbufu uliotokea. Niko hapa chini. Naomba tuonane."

Mji wa Kale mzima ulijua kilichotokea. Alhamisi baada ya Alasiri, Khubaib alikuwa atume wazee wake wamposee Nabiha. Mzee Shamsudin, babake Nabiha, alivaa kanzu mpya, akaalika majirani watano na imamu wa mtaa. Jikoni sambusa zilikaangwa tangu asubuhi. Wazee wakakaa sebuleni, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za mvua, kisha wakawa hawana la kuzungumza. Ilipoadhiniwa Magharibi imamu aliaga, na majirani wakamfuata mmoja mmoja bila kumtazama mwenye nyumba usoni. Hakuja mzee hata mmoja wa upande wa Khubaib. Kilichokuja ni ujumbe: "Sorry. Mambo ya kazi, meli."

Mzee Shamsudin hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: anampa Khubaib mpaka Ijumaa, basi. Baada ya hapo mlango utafungwa, na Nabiha atakuwa wa kwanza kuufunga. Leo ilikuwa Jumatano.

Darasa lilipokwisha, Nabiha akamkuta Khubaib amesimama mbele ya duka la Beryl, amenyoa ndevu vizuri, ameshika mfuko wa halua kama mtu aliyekwenda kumjulia mgonjwa hali.

"Masalkheri, Nabiha."

"Masalkheri. Sema."

"Sorry, mpenzi. Wallahi, sorry."

"Ya nini?"

"Kwa yaliyotokea."

"Yalitokea yenyewe? Umeniandikia 'usumbufu uliotokea'. Huo usumbufu ulikuja kwa miguu yake?"

Khubaib akakohoa. Alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, mwaka wa sita, na kazi alifunzwa na mkubwa wake Jared. Somo la kwanza la Jared lilikuwa hili: mteja akilalama, anza na sorry, malizia na sorry, katikati usiseme ni nani aliyekosa. Ukishasema umekosa, mzigo wote wakuangukia wewe. Khubaib alilishika somo hilo mpaka likamwingia damuni, akawa mwombaji radhi hodari kuliko wote pale ofisini, na hajawahi hata siku moja kukubali kosa.

"Meli ilichelewa," akasema.

"Meli haikumposa mtu. Ami yako Kamaludin alikuwa wapi?"

Khubaib akamnyooshea ule mfuko wa halua.

"Khubaib, mimi siku yote nafundisha watu neno hilo moja. Usinifanye mteja. Ami yako alikuwa wapi?"

"Kwake Likoni. Alikataa kuja."

"Kwa nini?"

Akahamisha ule mfuko mkono wa kulia, akaurudisha wa kushoto.

"Asubuhi ile kinyozi wake alimwambia kuwa wewe umewahi kuolewa. Akanigeukia, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Tukagombana. Akavua kanzu, akalala."

Nabiha aliolewa, ndiyo, miaka miwili, na ameachika mwaka wa nne sasa. Hakuna mtu Ndia Kuu asiyejua. Hata Khubaib, Nabiha mwenyewe alimwambia siku ya pili tu ya kujuana kwao.

"Hukumwambia ami yako?"

"Nilikuwa nangojea wakati mzuri."

"Mwaka mzima?"

"Nabiha…"

"Ulinionea haya, Khubaib. Sema hivyo. Mimi nimekaa na watu wanaonitazama vile miaka minne, nawajua. Nilidhani wewe si mmoja wao."

Machozi yalimlenga na hakujali kama Beryl yuko dirishani. Alikuwa, tena amefungua dirisha lote.

"Nilikuonea haya," Khubaib akasema. Ilimtoka taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Wewe hukukosa kitu. Mimi ndiye niliyeficha, halafu nikamwacha babako akae na watu wake. Meli haikuchelewa. Hapakuwa na meli."

Nabiha akajifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Kwa hayo aliyekosewa si mimi peke yangu. Ijumaa baada ya swala baba atawaita wale wale. Kama wayaweza, nenda ukayaseme. Kama huyawezi, usiniandikie tena."

"Mbele ya majirani?"

"Mbele yao ndiko kulikovunjika uso wake."

Halua hakuichukua.

Ijumaa sebule ikajaa tena. Nabiha alikaa chumbani na shangazi yake Fadhiya, pazia katikati. Alijiambia kuwa Khubaib asipokuja itakuwa heri, na alijua anajidanganya.

Khubaib aliingia peke yake. Akatoa salamu, akakataa kiti.

"Mzee Shamsudin, na nyinyi wazee wangu. Alhamisi niliwaambia ni kazi. Nilisema urongo. Nilimficha ami yangu kuwa Nabiha aliolewa kabla, kwa sababu nilikuwa mwoga wa maneno ya watu. Akajua kwa mwengine, akakataa kuja. Nimewaaibisha nyumbani mwenu. Kosa ni langu, si la ami, si la Nabiha. Naomba radhi."

Fadhiya akanong'ona, "Huyu leo hana pa kurudi."

"Na yeo umekuya kufanya nini?" Mzee Shamsudin akauliza.

"Kuomba radhi, na kumposa."

"Mtu hajiposei mwenyewe. Radhi tumekupa. Posa nenda ukailete na wenyewe. Ami yako ukimshinda kwa maneno ya kweli, mlango u wazi. Usipomshinda, tutajua jibu."

Siku sita Khubaib alivuka feri kwenda Likoni, kila jioni akitoka kazini. Aliyoyasema huko, Nabiha hakuuliza. Alhamisi, muda mfupi kabla ya Alasiri, alipokea ujumbe: "Tuko njiani. Ami yuko mbele, mimi nimebaki nyumbani kama inavyotakiwa." Safari hii sambusa zililiwa.

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Wanaume walikuwa msikitini kwa nikahi, wanawake juu nyumbani wamemzunguka bibi harusi, na kipaza sauti cha msikiti kikawaletea kila neno. Shehe alikuwa akijaza cheti. Akauliza majina, akauliza mahari. Halafu akapunguza sauti kwa heshima ya baba mtu, lakini maikrofoni haijui heshima:

"Na binti ni bikira, au mtalaka?"

Mwanamke mmoja akaanza kurekebisha leso ambayo haikuwa na tatizo. Nabiha akainamisha kichwa. Babake alisikika akisafisha koo, lakini sauti iliyotangulia haikuwa yake.

"Mtalaka, shehe," Khubaib akasema, wazi, bila haraka. "Naandikwe hivyo hivyo."

"Nasi tumeridhia," Ami Kamaludin akadakia.

Fadhiya ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, kabla hata nikahi haijafungwa. Wengine wakampokea. Nabiha alilia na kucheka pamoja mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni, akaomba kioo, akaomba apakwe upya.